Kipupwe kimeingia Lushoto: wageni wapo, gulio lipo, kwa nini hatuna tamasha la msimu?

Mama Gesti (mleta mada)

Wana Tanga wenzangu, na wote mnaoipenda Lushoto, nawasalimu.

Naandika saa tatu usiku, jiko la mkaa liko miguuni na blanketi mabegani. Ukungu umeshuka mpaka kizingitini. Taa ya jirani, hatua ishirini kutoka hapa, siioni. Mtu aliyelala na feni usiku kucha kule Tanga mjini akifika hapa anaona kama kavuka mpaka wa nchi, kumbe mkoa ni uleule.

Nina gesti ya vyumba sita, huu mwaka wa tisa. Kila mgeni namwandika kwenye daftari: katoka wapi, kalala siku ngapi, kauliza nini. Hiyo ya tatu niliiongeza mwenyewe, na ndiyo iliyonifanya nilete uzi huu. Wiki iliyopita niliyafungua madaftari yote nikasoma ya Juni, Julai na Agosti tu. Wazungu wapo, ila walio wengi ni watu wetu: Tanga, Dar, Moshi, hata Unguja. Wanaleta watoto waione baridi. Na swali lao ni moja kila mwaka: "Mama, kesho kuna nini?"

Nawaelekeza Irente, wasimame kwenye jabali waione Mazinde na nyika yote iliyo chini. Nawaelekeza msitu wa Magamba na maporomoko ya Mkuzi. Wanakwenda, saa nane wamerudi, asubuhi wananiomba risiti. Mahali nimewaonyesha, lakini wao waliuliza tukio, na tukio sina.

Sasa nisikilizeni. Kuna mji Ufilipino unaitwa Baguio. Uko mlimani, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Lushoto iko kama mita 1,400. Wamarekani walipoitawala Ufilipino waliufanya mji wa kukimbia joto, kama Wajerumani walivyotaka kufanya hapa, wakapaita Wilhelmstal. Kule Baguio wanalima mboga na stroberi. Mwaka 1990 tetemeko la ardhi liliubomoa vibaya. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 wakaanzisha tamasha la maua, kila Februari, na mwaka 1996 wakalipa jina la Panagbenga, neno la Kikankanaey, lugha ya wenyeji wa milima ile. Maana yake ni msimu wa kuchanua. Mji uliokuwa kifusi sasa unajaza watu barabara nzima kwa ajili ya maua.

Nilipoyajua haya sikulala. Sisi hatukubomokewa na kitu. Barabara ya lami tunayo, mboga zinazolisha Dar tunazo, gulio la Jumapili tunalo tangu sijazaliwa. Na baridi yenyewe ni mali yetu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo mtu wa bandarini Tanga akija kwangu ameshapunguza nyuzi nane au tisa kabla hajavua viatu.

Pendekezo langu: tamasha la kipupwe, wiki ya Nane Nane, hapa Lushoto mjini. Wilaya iunde kamati, kamati iagize kila kata ilete kitu chake. Naomba maoni. Mwenye kukosoa akosoe, nimekuja kujifunza.

Mtoto wa Chumbageni

Mama, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao walio kwenye madaftari, kama si yako basi ya mwenzako.

Kila Julai nawapandisha wanangu. Mwaka wa kwanza, mdogo alikuwa na miaka minne, tuliteremka kwenye Coaster pale stendi akaona mvuke unamtoka mdomoni. Alishtuka, akanishika mkono akaniambia baba nawaka moto ndani. Mpaka leo akiniuliza tunakwenda lini "kule kwa moshi" najua anasema Lushoto.

Ila nina dukuduku. Siku tatu tulizokaa tulikula chipsi kuku mara tano. Chipsi kuku ninazo Chumbageni, tena barabara ya pili kutoka nyumbani! Mke wangu aliulizia makande, akajibiwa hayo ni ya nyumbani, hayauzwi. Nimesafiri kutoka pwani, nimepita Muheza machungwa yamejaa barabarani, nimepita Segera, Korogwe, Mombo, nimepanda kona zote zile, halafu chakula cha mlima nanyimwa kwa kuwa mwenye nacho anakionea haya? Mkifanya tamasha, jambo la kwanza wekeni masufuria ya makande nje, moshi utoke, watu wakae kwenye magogo wale. Hata jukwaa lisipokuwepo mimi nitakuja.

Dereva wa Mombo

Naunga mkono, ila tuanze na barabara maana ndiyo kazi yangu.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na zote unapanda, huku bonde, huku ukuta wa mlima. Masika udongo huporomoka, mawe hukaa katikati ya lami, unaweza kulala Soni bila kupenda. Kipupwe barabara ni kavu zaidi. Adui wa kipupwe ni ukungu. Kuna asubuhi sioni kona mpaka niwe ndani yake. Na jioni magari ya mboga yanateremka, Fuso zimeshiba kabichi, breki zinanuka.

Kwa hiyo msipange kitu cha kuanza saa moja asubuhi wala cha kwisha saa tano usiku. Anzeni saa nne ukungu ukishanyanyuka, mmalize kumi na moja. Anayetoka Dar alale palepale, asipande usiku kwa mara ya kwanza. Hili nalisema kwa uzito. Nimeshasaidia kuvuta magari bondeni, na waliokuwemo walikuwa wageni wa njia.

Kabichi ya Lukozi

Mama Gesti, nakuheshimu, lakini mimi naanza kwa kupinga.

Miaka michache iliyopita ilikuja kampuni moja ya matamasha kutoka nje ya mkoa. Jina silitaji. Wakazungushia uwanja mabati, wakaleta jukwaa, spika, vinywaji na hata wapishi. Kiingilio chake kilizidi kibarua cha siku mbili shambani. Wake zetu waliopeleka karoti na njegere wakaambiwa wauzie nje ya uzio, mbali na geti. Wageni walipita na magari, vioo juu. Kesho yake asubuhi tuliokota chupa kwenye mfereji wa kumwagilia. Nasema mfereji wa kumwagilia, ndugu zangu, maji yanayokwenda kwenye vitalu vya watu. Ukiniambia tamasha, mimi ndiyo picha ninayoiona.

La pili ni tarehe. Nane Nane wakulima wa mkoa wa Tanga tunakwenda Morogoro, maana tuko Kanda ya Mashariki pamoja na Morogoro yenyewe, Pwani na Dar. Viongozi wa ushirika, mabwana shamba, wenye mbegu nzuri, wote wiki ile wako kule. Utaleta tamasha la mboga Lushoto wakati wenye mboga hawapo?

La tatu linaniuma zaidi. Mnasema mboga za Lushoto zinalisha Dar. Kweli. Lakini njoo Lukozi asubuhi uone zinavyolishwa. Dalali anakuja na gunia lake, analijaza lumbesa mpaka linaota kichwa, analipia kama gunia moja. Kabichi zikiwa nyingi bei anapanga yeye, kwa sababu kabichi ikikaa siku mbili imekuwa ya mbuzi. Tamasha la siku mbili halitavunja lumbesa. Ila kama mtaniambia siku hiyo mlaji mwenyewe anasimama mbele yangu, ananunua kwa kilo kwenye mzani, na anajua karoti hii imelimwa na nani na kwenye bonde gani, hapo nitanyamaza nisikilize.

Mtoto wa Chumbageni

Kabichi ya Lukozi, pole sana. Sisi wa kwenye magari yenye vioo juu hatukujua kama nje ya mabati kulikuwa na watu wanauza. Nilikuwemo siku ile. Karoti nilizonunua kurudi nazo Tanga nilizinunulia Mombo.

Mzee wa Mlalo

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema tu.

Mama Gesti, umeandika "wilaya iunde kamati, kamati iagize kila kata". Neno *iagize* limenirudisha mbali. Mwaka 1946 Waingereza walileta mradi wa kuokoa udongo katika bonde letu la Mlalo, baadaye wakaueneza Usambara nzima. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli. Lakini liliagizwa. Baba yangu alichimba matuta kwa amri, asiyechimba akashitakiwa na kutozwa faini. Wanawake ndio waliobeba jembe zaidi, na ndio waliochoka kwanza. Watu wakaasi, na kabla ya Uhuru mradi ukafa. Baadaye walipokuja wengine wakazungumza na watu, wakapanda majani ya ng'ombe na miti kwenye kontua, mistari inayouzunguka mlima, watu waliokataa matuta ya amri wakayafanya wenyewe. Mlima ni uleule na udongo ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kumwendea mwenye shamba.

Sisi Wasambaa tunalo neno, *kuzifya shi*, kuiponya nchi, kuitengeneza. Kinyume chake ni *kubana shi*, kuiharibu. Zamani neno hilo lilimhusu Simba Mwene, mfalme wetu aliyeketi Vuga, kwa sababu mvua na njaa vilihesabiwa mikononi mwake. Watawala wakipatana, mvua zinakuja kwa wakati. Wakigombana, nchi inaharibika. Kwa hiyo misimu kwetu haikuwa hali ya hewa peke yake. Ilikuwa kipimo cha kama watu wanaelewana. Na mnaposema tamasha la msimu, kumbukeni kuwa hapa msimu una wenyewe.

Tena msidhani kipupwe ni ukavu mtupu. Kuna mvua ndogo za katikati ya mwaka, tunaziita *mluati*. Wazee walipanda kwa kuzitegemea. Mgeni akinyeshewa Julai asiseme ameharibiwa safari, amekutana na mluati.

Mkiwauliza watu kwanza, mimi nitatoka Mlalo nije, hata kwa mkongojo.

Mama Gesti

Mzee, shikamoo sana. Neno *kuagiza* nalifuta. Nimelisoma jibu lako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na mama yangu akiwa kitandani akaitikia kila sentensi. Naye alichimba matuta.

Kabichi ya Lukozi, Nane Nane nayo naifuta. Hoja ya Morogoro sikuifikiria kabisa.

Ngoma ya Pwani

Salamu kutoka Bagamoyo. Mimi si mtu wa milima, lakini kwenye matamasha nimekulia humo, nikaomba mniruhusu nichangie.

Chuo chetu cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981, ndiyo TaSUBa ya leo, na mwaka uliofuata tamasha likaanza. Halikuanza kwa ajili ya watalii. Lilikuwa siku ya wanafunzi na walimu kuonyesha mwaka mzima wamefanya nini: ngoma, maigizo, sarakasi, michoro. Wageni wa mbali walikuja baadaye kwa sababu waliona kitu ambacho kingefanyika hata wao wasingekuja. Mgeni anatambua mara moja akiwekewa onyesho. Akikuta watu wana shughuli yao, anakaa.

Jirani zenu wa bahari, Makunduchi kule Unguja, wanafanya Mwaka Kogwa kila Julai, ndani ya kipupwe hikihiki. Wanaume wanapigana kwa migomba kutoa vinyongo vya mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba na kujibizana, kisha ni kula na kutembeleana. Hakuna aliyewabunia. Ule ni mwaka wao mpya, na watalii wanauzunguka.

Ushauri wangu mkubwa ni tarehe. Shikeni tarehe moja msiihamishe. Mtu wa Dar anaomba likizo, mtu wa Ulaya anakata tiketi miezi kabla. Tamasha likihamahama kati ya mwezi na mwezi, hata likiwa zuri vipi, mgeni anakuja anakuta uwanja mtupu, na huyo hatarudi tena. Ngoma inaweza kuchelewa saa moja watu wakasamehe. Ikihama mwezi mzima, hawasamehi.

Ustadhi wa Soni

Kwenye suala la tarehe tukumbuke kalenda ya Kiislamu, maana watu wetu wengi huku ni Waislamu. Ramadhani haitaigusa Julai kwa miaka mingi ijayo. Lakini Maulidi yanasogea. Mwaka 2026 yako mwishoni mwa Agosti, na kila mwaka yanarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo kufika 2029 yatakuwa Julai. Sioni kama ni tatizo. Maulidi nayo yana pilau, dufu na wageni. Msiyagonganishe tu, muda huo ukifika mkae na masheikh mapema.

Mswahili wa Hokkaido

Ndugu zangu, nimesoma uzi huu nikiwa mbali na machozi karibu yanitoke. Mimi ni wa Korogwe, nasoma Sapporo, Japani. Huku baridi ni ya theluji, mtu anatembea kama katikati ya kuta mbili nyeupe. Kuna tamasha la theluji kila mwanzo wa Februari, kama wiki moja hivi, na watu wanaofika huhesabiwa kwa mamilioni. Kuna sanamu za theluji ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Nimesimama chini ya mojawapo, shingo ikaniuma kwa kuangalia juu.

Lakini nataka mjue lilivyoanza. Mwaka 1950, nchi ikiwa bado inajikokota kutoka vitani, wanafunzi wa shule za hapa walichonga sanamu sita za theluji katika bustani ya Odori iliyo katikati ya mji. Sita tu. Watu wakaja wengi kuliko walivyotarajia. Miaka michache baadaye askari wa kikosi cha ulinzi wakaanza kusaidia kujenga sanamu kubwa, na michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1972 ikalitangaza duniani.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba theluji kwa watu wa huku ni taabu. Inafunga barabara, inavunja mapaa, wazee wanaanguka. Wale watoto walichukua kilekile kinachowatesa wakakifanya cha kuwakusanya. Na sisi tumezoea kuomba radhi kwa ukungu: "Samahani mgeni, leo Irente haionekani." Mama Gesti, nadhani nawe umeshawahi kusema hivyo.

Jambo lingine, la kazi. Tamasha likiisha zile sanamu zinabomolewa haraka, hawaachi ziyeyuke ziwaangukie watu. Kuna mpango wa kumaliza kama ulivyo mpango wa kuanza. Ile habari ya chupa kwenye mfereji wa Lukozi imenihuzunisha sana.

Nyayo za Magamba

Mimi ni mwongoza wageni, mwaka wa kumi na nne. Huyo wa Hokkaido amegusa penyewe.

Ukungu huu unatokana na kusi. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu, unaugonga mlima, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unatoa maji. Ndiyo maana miti ya Magamba imevaa kuvu na ndevu za kijani, na vijito havikauki hata wakati nyika ya Mkomazi imekuwa vumbi. Ukungu ukiondoka, msitu unaondoka. Msitu ukiondoka, mfereji wa Kabichi ya Lukozi unakauka. Mimi sikuhizi simwambii mgeni samahani. Namwambia simama, funga macho, sikiliza msitu unavyodondosha matone. Watoto wa shule ndio wanaoelewa haraka zaidi.

Usiku tunatoka na tochi kutafuta vinyonga. Mchana kinyonga humuoni, usiku anapauka na tochi inamnasa kwenye kijiti amelala. Tuna vinyonga wa pembe mbili ambao makazi yao ni milima yetu hii. Mbega nao asubuhi wanaota jua mitini. Kuna ndege wenye jina la Usambara ambao watu wanapanda ndege ya chuma kutoka mbali kuja kuwatafuta, na watoto wa hapa hawawajui kwa jina.

Masharti yangu kama tamasha litafanyika: matembezi ya msituni yawe ya vikundi vidogo, watu wanane, kumi. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna kiingilio na lazima uwe na mwongozaji. Spika kubwa zisikaribie ukingo wa msitu. Na anayekwenda mbali, mpaka Mtae, atenge siku nzima au alale, maana Mtae ipo ukingoni kabisa mwa mlima na siku angavu Kilimanjaro inaonekana. Siyo ya kwenda na kurudi mchana na watoto wachovu.

Machungwa ya Muheza

Na msitu wa Amani je? Sisi wa Usambara Mashariki hatumo?

Nyayo za Magamba

Mpo, ila ni safari nyingine. Amani mnapandia Muheza, siyo Mombo, na msitu wenu ni wa joto zaidi na mvua zaidi. Kituo cha utafiti cha Wajerumani kilianza pale mwaka 1902, na bustani ile ya mimea bado ipo. Hata lile ua la zambarau linalopandwa madirishani Ulaya nzima lilipelekwa na mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa Tanga, mwaka 1892, kutoka milima hii, wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Mkianza siku yenu ya ua hilo, mimi nitaleta wageni. Ila msilichimbe msituni, liotesheni vitaluni.

Kabichi ya Lukozi

Mama Gesti, nimekaa kimya nasoma. Nina swali moja tu. Uzio upo au haupo?

Mama Gesti

Haupo. Na naomba nieleze nilipofika, maana baada ya uzi huu nimetoka nje ya kompyuta nikaenda kwa watu.

Jumapili nilishuka gulioni na daftari jipya. Nimezungumza na wakina mama wa meza za mboga, wauza mitumba wa sehemu ya juu, bodaboda, na kijana mwenye mzani. Niliwauliza swali moja: Jumapili moja ya Julai wakija wageni wengi kuliko kawaida, mngependa wakute nini, na nini hamtaki kabisa? Kwenye wasiyoyataka walikuwa sauti moja: kuhamishwa. Walishahamishwa meza mara mbili kwa ajili ya shughuli za watu wengine. Kwa hiyo hakuna atakayehamishwa. Gulio ndilo tamasha. Anayekuja anakuta gulio letu la Jumapili pale lilipo siku zote, limenenepa.

Tarehe ni Jumapili ya kwanza ya Julai. Saba Saba iko mlangoni, na Nane Nane ya Morogoro haijafika. Ngoma ya Pwani, nimekusikia: ni Jumapili ya kwanza ya Julai kila mwaka, hata wakija watu thelathini. Ustadhi, mwaka 2029 ukikaribia tutakuja msikitini kabla hatujabandika tangazo.

Saa nne asubuhi mpaka kumi na moja, kama dereva alivyosema. Jumamosi jioni wageni wawe wameshafika.

Makande yatakuwepo. Wakina mama wanne wamekubali, kila mmoja sufuria moja. Mmoja alicheka akauliza mtu wa Tanga atalipia makande? Nikamsomea maneno ya Mtoto wa Chumbageni. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi atatia na maharage mekundu, yale ya nyumbani kwake.

Kuhusu mzani: meza zote za mboga za siku hiyo zitauza kwa kilo, na kila meza kibao cha jina la kijiji. Lukozi, Mlalo, Sunga, Malindi, Soni. Mapeasi na plamu hazitakuwepo, Julai siyo msimu wake, na nimekataa kabisa wazo la kununua za kutoka kwingine ili meza zipendeze. Anayetaka plamu arudi mwisho wa mwaka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuja.

Taka: vijana wa bodaboda wamechukua kazi hiyo kwa malipo, na malipo yatatoka kwetu sisi wenye gesti na hoteli. Mpaka sasa tumekubali watano. Mmoja alikataa, akasema wageni wake watakuja hata asipochangia. Ni kweli watakuja. Tutaendelea kumwendea.

Jina nililokuwa nalo kichwani lilikuwa la Kiswahili. Baada ya habari ya Panagbenga na maneno ya Mzee naona si haki yangu kulitoa peke yangu. Mzee, wewe na wenzako wa Mlalo na Vuga, tunaomba jina. Mkituletea la Kisambaa tutaliandika kwenye kitambaa kabla hatujaandika kitu kingine chochote.

Mzee wa Mlalo

Nimekusikia, mwanangu. Ijumaa baada ya sala nakaa na wazee. Msiandike kitambaa bado. Na mwambie huyo wa makande asitie chumvi mapema, sisi wazee huitia mwishoni.

Kabichi ya Lukozi

Meza moja niandikieni mimi. Mzani ninao wa kwangu.